Sura ya 5: Mstari Ambao Bado Haujaamua

Januari 1957, majaji wa shindano la kubuni jumba la opera mjini Sydney, Australia, walimtangaza mshindi. Washiriki 233 walikuwa wameleta michoro yao. Aliyechaguliwa ni Jørn Utzon, msanifu majengo wa Denmark mwenye umri wa miaka 38, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga Sydney. Ile rasi ambayo jumba lingejengwa juu yake aliijua kwa kusoma ramani za mabaharia. Michoro yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba majaji wenyewe walikiri katika taarifa yao kuwa ilikaribia kuwa vielelezo tu. Ilionyesha jukwaa kubwa kando ya maji, na juu ya jukwaa hilo mapaa yaliyotuna kama matanga ya jahazi lililopata upepo. Mapaa hayo hayakuwa na kipimo wala kanuni ya hesabu. Yalikuwa mistari iliyopigwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchora.

Kisha kazi ikahamia London, kwenye ofisi ya mhandisi Ove Arup, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mstari wa penseli hupinda unavyotaka, lakini zege lazima mtu alipigie hesabu. Wahandisi walijaribu umbo la parabola, wakajaribu duaradufu, wakabadilisha tena na tena kwa muda wa miaka minne hivi. Walitumia kompyuta iitwayo Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti, wakati ambapo wahandisi wengi duniani walikuwa bado wanakokotoa kwa rula ya hesabu na daftari. Mashine ilifanya kwa saa chache kazi ambayo ingewachukua watu miezi. Hata hivyo kila umbo walilolipigia hesabu lilileta tatizo lake: ama halikuwa imara, ama kila ubavu wa zege ungehitaji kalibu yake peke yake, jambo ambalo lingemaliza fedha na miaka.

Jibu lilipatikana mwaka 1961. Vipande vyote vya mapaa vingekatwa kutoka kwenye uso wa tufe moja tu, lenye nusukipenyo cha mita 75 hivi. Kwa kuwa mpindo wa tufe ni uleule kila mahali, mbavu za zege zingeweza kumiminwa kwenye kalibu chache zilezile, na vigae, ambavyo mwishowe vilizidi milioni moja, vingepangwa kwenye mabamba huko chini kabla ya kupandishwa juu. Mapaa unayoyaona leo kwenye picha za Sydney hayafanani kabisa na yale ya mchoro wa kwanza. Yamesimama wima zaidi na yana utaratibu zaidi. Lakini ni yaleyale kwa roho.

Nimeanza na Sydney kwa sababu watu wanaobishana kuhusu mkono na kompyuta katika usanifu majengo hupenda kuchagua upande, na jumba hili halimruhusu yeyote kuchagua kwa urahisi. Pasipo mkono, lisingekuwepo. Hakuna hesabu iliyompeleka mtu kwenye umbo lile. Pasipo kompyuta, huenda hata tufe lisingetosha, maana mahali pa kila kipande cha paa palipaswa kukokotolewa ili fundi aliyeko juu ajue pa kukiweka. Na pale katikati, kati ya mchoro na hesabu, kulihitajika mtu wa kuamua kwamba umbo lenyewe libadilike. Pegasus ingeendelea kukokotoa duaradufu hadi mwisho wa dunia bila kuwaambia waachane nayo.

Tusiusifu mkono kupita kiasi pia. Serikali ya jimbo ilikuwa na haraka, ujenzi wa jukwaa ukaanza mwaka 1959 kabla hajapatikana mtu wa kusema mapaa yatasimamaje, na baadaye baadhi ya nguzo zilizokwisha kujengwa ikabidi zivunjwe na kujengwa upya ili ziweze kubeba mzigo. Makisio ya awali yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Hadi jumba linafunguliwa Oktoba 1973, zilikuwa zimetumika milioni 102. Utzon alijiuzulu Februari 1966 baada ya mvutano na serikali mpya kuhusu fedha, akaondoka Australia, na hakurudi kuliona jumba lake limekamilika. Mstari mzuri usiojua uzito wake una gharama, na gharama hiyo ililipwa na watu halisi.

Sasa tuusogelee mkono wenyewe. Kwa nini msanifu, mwenye kompyuta mezani, aendelee kushika penseli?

Watu wengi hudhani ni kwa sababu mchoro wa mkono unapendeza. Hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba mchoro wa mkono unaweza kuchelewa kuamua. Chukua mfano wa nyumba ya familia kwenye kiwanja cha Bunju, nje kidogo ya Dar es Salaam. Msanifu anaweka karatasi nyepesi, ile inayoonyesha kilicho chini yake, juu ya ramani ya kiwanja. Anazungusha duara moja, anaandika "jiko". Anazungusha jingine, "sebule". Kati ya hayo mawili anapitisha mstari, halafu anaurudia kwa mkono mzito zaidi, halafu anauacha wazi katikati. Mstari huo ni kitu gani? Unaweza kuwa ukuta. Unaweza kuwa ukingo wa baraza, mahali ambapo kina mama watakaa kuchambua mchele huku wakizungumza na mgeni aliyeko sebuleni. Unaweza kuwa alama tu ya pale kivuli cha mwembe kinapofika saa nane mchana. Msanifu mwenyewe bado hajui, na kutojua huko ndiko kunakomfanyia kazi. Anauangalia mstari, anaona baraza pale alipokusudia ukuta, anaweka karatasi nyingine juu yake na kuanza upya bila kufuta chochote.

Afanye kazi hiyohiyo kwenye programu za kisasa. Akibofya alama ya ukuta, programu inataka kujua: ukuta wa aina gani, unene kiasi gani, urefu hadi wapi? Asipojibu, itajibu kwa niaba yake. Itaweka ukuta uliopangwa tayari, pengine wa milimita 200, ilhali matofali anayoyajua fundi wa Bunju ni ya inchi 5 au inchi 6. Ndani ya dakika tano kuna chumba chenye kuta nne, mlango na dirisha, kimenyooka, kinang'aa, na kinaonekana kimekamilika. Mtu akishakiona kimekamilika hupata shida kukivunja, na mteja akikiona kwenye skrini hupata shida zaidi. Swali la baraza halikukataliwa na mtu yeyote. Halikupata nafasi ya kuulizwa.

Mtafiti wa mambo ya fikra Vinod Goel alilichunguza jambo hili kwa makini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 alieleza jinsi alivyowapa wabunifu wenye uzoefu kazi za kubuni, mara kwa penseli na karatasi, mara kwa programu ya kuchorea. Waliposhika penseli walihama zaidi kutoka wazo moja kwenda jingine tofauti. Waliposhika kompyuta walielekea kulinyoosha na kulikamilisha lile walilokuwa nalo. Maelezo yake yalikuwa kwamba mchoro wa mkono una utata, maana alama moja inaweza kusomwa kwa njia nyingi, na utata huo ndio unaoacha mlango wazi. Kabla yake, mwaka 1983, Donald Schön alikuwa ameandika kuhusu mwalimu mmoja wa usanifu na mwanafunzi wake aliyekwama. Mwanafunzi alikuwa anabuni shule ya msingi kwenye eneo la mteremko, na madarasa yake hayakukubali kukaa juu ya ardhi ile. Mwalimu hakumpa hotuba. Aliweka karatasi juu ya mchoro wake, akaanza kuchora huku akisema anachokifanya, akiuliza mteremko unasema nini, akijaribu, akiangalia matokeo, akijaribu tena. Schön aliyaita hayo mazungumzo kati ya mbunifu na kazi yake. Mimi nikisoma kisa hicho huona kwamba karatasi pale ilikuwa mtu wa tatu ndani ya chumba.

Lakini ni haki tuseme pia kompyuta imetuondolea nini, maana wanaoililia enzi ya ubao wa kuchorea wakati mwingine husahau. Michoro ya mwisho ilichorwa kwa wino kwenye karatasi angavu, kwa kalamu zenye ncha nyembamba kama uzi ambazo ziliziba kila mara. Mteja akibadili mawazo kuhusu dirisha moja, mchoraji alichukua wembe na kuukwangua wino taratibu, asije akaitoboa karatasi. Dirisha hilo lilikuwa limechorwa kwenye ramani ya sakafu, kwenye mchoro wa mbele, kwenye mchoro wa mkato na kwenye orodha ya madirisha, na kila mahali ilibidi likwanguliwe kwa mkono. Likisahaulika sehemu moja, fundi alilikuta siku ya kuliweka. Nakala zilitolewa kwa mashine zilizotumia amonia, na harufu yake ilikaa kwenye nguo za vijana wa ofisi hadi nyumbani. Katika hali hiyo ndipo lilipochorwa jumba la mikutano la KICC la Nairobi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyofunguliwa mwaka 1973, na ndipo lilipochorwa soko la Kariakoo la Beda Amuli lenye miavuli yake ya zege. Tukiwaheshimu watu hao, tuheshimu na migongo yao iliyoinama juu ya ubao.

Hata mwanzo wa kompyuta katika kazi hii haukuwa vita dhidi ya mkono. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad. Mtu alishika kalamu ya mwanga na kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kubwa iitwayo TX-2. Angeweza kuamuru mistari miwili iwe sambamba, nayo ikajinyoosha. Angeweza kuchora umbo moja la mfano, akalirudia mara nyingi, na akilirekebisha lile la mfano, nakala zake zote zikabadilika kwa pamoja. Yale madirisha ya wembe yalikuwa yamepata dawa. Ilichukua takribani miaka 20 kabla ya dawa hiyo kufika kwenye ofisi za kawaida: programu ya AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na kadiri kompyuta za mezani zilivyoshuka bei, mbao za kuchorea zilianza kuondolewa ofisi moja baada ya nyingine. Lakini katika safari hiyo ile kalamu ilipotea. Mkono ukapewa kipanya na kibodi, na mchoraji akawa anaandika amri na kubofya namba. Ni hivi karibuni tu, kwa vishikwambi vyenye kalamu, ambapo wasanifu wengi wamerudishiwa kitu ambacho Sutherland alikuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Programu za leo zimekwenda mbali zaidi ya kuchora. Msanifu hajengi tena picha ya jengo. Anajenga jengo lenyewe ndani ya mashine, lenye kuta zinazojua unene wake na milango inayojua upana wake. Mkadiriaji majenzi anaweza kutoa humo idadi ya matofali na ujazo wa zege. Mhandisi wa maji anapitisha mabomba yake, na mashine inapaza sauti pale bomba linapotoboa mhimili wa zege, kosa ambalo zamani liligunduliwa na fundi akiwa na nyundo na patasi mkononi, wakati mhimili umeshakauka. Kwa hospitali, uwanja wa ndege au jengo la ghorofa 20, sijui ni msanifu gani mwenye dhamira safi angekataa msaada huo.

Frank Gehry alituonyesha namna nyingine ya kuutumia. Jumba lake la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, Hispania, lililofunguliwa Oktoba 1997, lilianza kwa michoro ya mkono iliyovurugika kama nyuzi zilizotatizana, kisha vikafuata vielelezo vya mbao na karatasi. Gehry mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa mbele ya kompyuta. Timu yake ndiyo iliyopima vielelezo hivyo nukta kwa nukta na kuviingiza kwenye CATIA, programu iliyobuniwa na Wafaransa kwa ajili ya kuunda ndege, na kutoka humo wakatoa vipimo vya kila nguzo ya chuma na kila bamba la titani. Jengo lenye umbo gumu kuliko la Sydney lilikamilika bila maafa ya bajeti ya Sydney. Tofauti ya miaka 40 ya mashine inaonekana hapo waziwazi. Lakini angalia mpangilio wa kazi: mkono kwanza, kielelezo cha kushika pili, kompyuta tatu.

Mpangilio ukigeuzwa kuna hatari ambayo wahandisi waliijua mapema kuliko wasanifu. Mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, kulijengwa ukumbi mkubwa wa michezo katika miaka ya 1970. Paa lake lilikuwa wavu wa vyuma, na hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta, jambo la kujivunia wakati ule. Wakati wa ujenzi, paa lilipoinuliwa na kukaa juu ya nguzo zake, lilipinda takribani mara mbili ya kiasi kilichotabiriwa. Wahusika walipoambiwa, walijibu kwamba tofauti kati ya nadharia na hali halisi ni jambo la kutarajiwa. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, yapata saa kumi, theluji ikiwa imelala juu yake, paa lote lilianguka. Saa chache kabla ya hapo watu wapatao 5,000 walikuwa wamekaa chini yake wakitazama mpira wa kikapu. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya juu havikuwa vimeshikiliwa jinsi hesabu zilivyodhania. Kompyuta ilijibu sawasawa swali ililoulizwa, lakini swali halikuwa la paa lile. Na paa lenyewe lilisema mapema, kwa kupinda, ila watu walikuwa wameshaiamini karatasi iliyotoka kwenye mashine kuliko macho yao.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni lawama kwa chombo kipya, na kwamba penseli na vyombo vingine vya zamani navyo vina upendeleo wake. Ni kweli, na ushahidi uko hapa kwetu pwani. Nyumba za mawe za Lamu na za miji mingine ya Waswahili zilijengwa na mafundi ambao hawakuhitaji ramani ya karatasi. Walipima kwa dhiraa na shibiri, kwa kamba na timazi, na mpango wa nyumba walikuwa nao kichwani kwa sababu ulikuwa mpango wa maisha: daka la kupokelea wageni mlangoni, kiwanda, yaani ua wa kati, msana, yaani ukumbi unaoukabili ua huo, kisha ndani, kila hatua ikizidi kuwa ya faragha. Ila vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, na sababu yake ni boriti. Dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo ikiwa imebeba mzigo mzito kiasi hicho. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Uarabuni na Ghuba, na huko nako zikawapangia watu upana wa vyumba vyao. Mti ulioota kwenye matope ya Rufiji uliamua mtu wa Ghuba alale kwenye chumba cha upana gani.

Kila chombo, basi, kinasukuma. Tofauti ni kwamba fundi wa Lamu aliijua boriti yake. Aliikata, aliibeba, aliisikia ikilia chini ya uzito. Alijua inamnyima nini, naye akaugeuza ule wembamba kuwa uzuri kwa kuta za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mwanga unaoingia kutoka kiwandani. Msanifu kijana wa leo mara nyingi haijui boriti iliyomo ndani ya programu yake. Hajui kwamba umbo la dirisha analolichagua liliwekwa pale na mtu wa nchi nyingine kwa sababu za baridi ya kwao, wala kwamba asipoiambia programu mahali kiwanja kilipo, itamchorea kivuli cha mji mwingine.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi, kwenye nyumba za kawaida. Fungua simu yako utafute ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Zitakuja picha mfululizo: nyumba nyeupe yenye mistari ya kijivu, paa lililofichwa, vioo vipana, gari la kifahari mbele, majani mabichi yasiyohitaji maji, na anga la buluu lisilo na jirani. Chini yake kuna bei na namba ya simu. Mtu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 analipa, anatumiwa ramani, anampa fundi. Fundi anaijenga kama ilivyo. Nyumba ileile inasimama Kibamba, Kitengela na Tanga, pwani yenye joto la unyevu na nyanda za juu zenye baridi ya usiku.

Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la mchana huko halikai upande mmoja mwaka mzima. Kwa miezi mingi liko kaskazini, kisha linavuka juu ya vichwa na kwenda kusini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga kwa upenu wa kawaida. Adui mkubwa ni jua la jioni, linalokuja chini chini kutoka magharibi na kupita chini ya upenu wowote. Wazee walijua pia kwamba kusi inatoka kusini mashariki na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, na kwamba nyumba inayofungua madirisha yake kwa pepo hizo inalala vizuri. Ile nyumba ya kwenye simu haijui lolote kati ya haya. Kile kioo kipana, kilichopendeza kwenye picha, kinaangukia magharibi kwa sababu barabara ya mtaa iko magharibi, na familia inanunua kiyoyozi, na kila mwezi inanunua umeme wa kukipoza chumba ambacho upepo ungekipoza bure.

Kompyuta haina hatia katika hili. Ingeulizwa, ingeonyesha kwa usahihi wa dakika jua la tarehe 20 Machi saa kumi jioni linavyoingia kwenye chumba kile, jambo ambalo hakuna penseli inayoweza kulifanya vizuri hivyo. Haikuulizwa. Picha ilichorwa kabla ya kiwanja kuonekana, na kwa kuwa ilichorwa vizuri, kila mtu aliamini kwamba kufikiri kumeshafanyika.

Diébédo Francis Kéré alikwenda njia nyingine, na ningependa kila mwanafunzi wa usanifu wa Afrika Mashariki akijue kisa chake kwa undani. Alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akasomea usanifu majengo Berlin, na akiwa bado mwanafunzi akaanza kuchangisha fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwao. Alipofika na mpango wake alikutana na wazee na vijana ambao wengi hawakuweza kusoma mchoro wa kitaalamu, na ambao hawakuamini kwamba jengo la udongo litastahimili mvua. Michoro ya Berlin isingemsaidia pale. Alieleza kwa kuchora ardhini na kwa kujenga mifano ya ukubwa halisi. Alijenga tao la udongo, kisha vijana wakapanda juu yake na kurukaruka. Tao likasimama. Tangu hapo mchoro ulikuwa wa kijiji kizima. Paa la bati aliliinua juu kabisa ya dari la udongo, likibebwa na kenchi za nondo ambazo vijana wa hapohapo walifundishwa kuziunganisha, ili hewa ya moto ipite katikati. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika taaluma hii. Ofisi yake ya Berlin ina kompyuta kama ofisi nyingine yoyote.

Najua hoja ya vijana, na naiheshimu. Wanasema ajira zinatangazwa kwa majina ya programu, hakuna mwajiri anayeuliza kama unajua kushika penseli, na mteja anataka picha leo jioni. Wengine wana uwezo wa ajabu: wanaandika kanuni ndani ya kompyuta na kuona maumbo elfu moja kwa usiku mmoja, na wengine wanafikiri vizuri kabisa kwenye skrini kwa kuwa walianza humo wakiwa watoto. Sisemi hao wanyang'anywe kipanya. Glenn Murcutt wa Australia alipata Pritzker mwaka 2002 akiwa anafanya kazi peke yake, akichora kila kitu kwa mkono, lakini yeye ni mtu wa aina yake na nyumba zake ni chache. Huwezi kuijenga Dodoma inayopanuka kwa namna hiyo.

Ninachokiomba ni kidogo zaidi, nacho kinawezekana. Vyuo vyetu vya usanifu visiwafungulie wanafunzi programu mwaka wa kwanza kabla hawajakaa nje na daftari, wakachora mti, ngazi, uchochoro wa Mji Mkongwe, kibanda cha mama ntilie na namna watu wanavyokaa ndani yake. Anayechora kitu kwa mkono analazimika kukitazama kwa muda mrefu, na hakuna njia fupi ya kutazama. Kisha, wakifika kwenye kompyuta, wafundishwe kwa kina kirefu kuliko sasa: wajue programu imedhania nini kuhusu jua, zege na upepo, na wajue kuyabadilisha madhanio hayo. Mwanafunzi anayejua kubofya tu hana mkono wala hana mashine.

Na wewe msomaji unayejiandaa kujenga, usinunue picha. Tafuta msanifu aliyesajiliwa, mpeleke kwenye kiwanja chako mchana, saa ambayo joto limekolea, mwonyeshe maji ya mvua yanapita wapi na jirani anajenga nini. Muombe akuonyeshe michoro yake ya awali, ile iliyokosewa na kurudiwa, kabla hajakuletea ile inayong'aa. Muulize kwa nini jiko liko pale. Baada ya hapo muombe aitumie kompyuta kwa kila inachoweza: vivuli, vipimo, idadi ya matofali, gharama. Lakini akikufungulia kompyuta kabla hajakuuliza upepo unatoka upande gani wa kiwanja chako, mlipe nauli yake na utafute mwingine.